SPRINTI YA MWISHO: JINSI YA KUGOMBEA MITA 200 BILA KUMMWAGA MWENZAKO



Kila nikiweka hapa habari za mbio za baiskeli kuna swali linajirudia. Kijana anauliza: "Kaka, mazoezini nawaacha wote, lakini siku ya mashindano tukifika mwishoni nakuwa wa sita, wa saba. Nakosea wapi?" Na kuna swali la pili ambalo watu hawaliulizi kwa sauti: "Nikimbana mwenzangu kidogo ili nishinde, kuna ubaya gani? Si ndo mchezo wenyewe?"

Leo nayajibu yote mawili kwa pamoja, maana majibu yake yanakaa nyumba moja. Anayejua mbinu hahitaji kumbana mtu. Ukiona mtu anabana wenzake kwenye mita 200, ujue alikosea kazi yake kilomita mbili nyuma, sasa anataka kulipia kosa lake kwa ngozi ya mwingine.

Haya ni maelezo ya sisi wa ridhaa: wenye baiskeli moja, tairi za viraka, na Jumatatu kazini au shuleni kama kawaida. Mifano ya wakubwa wa Ulaya nitaitoa pale inapofundisha. Haya, twende kazini.

1. ADUI WA KWANZA NI UPEPO

Ukiwa kwenye tambarare kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu yako inaliwa na upepo. Aliyejificha nyuma ya mwenzake anaokoa kama robo mpaka theluthi ya nguvu hizo. Ndo maana watu 30 wanaweza kwenda pamoja saa tatu nzima, na ndo maana yule "mkali wa mazoezini" anashindwa: yeye kavuta kundi mbele siku nzima, wenzie wamekaa nyuma yake wanakula ndizi.

Sasa fanya hesabu ndogo. Kilomita 54 kwa saa ni mita 15 kila sekunde. Mita 200 hapo ni sekunde 13 tu. Nguvu ya juu kabisa ya mwili haidumu zaidi ya sekunde kumi hadi kumi na tano hivi, baada ya hapo miguu inageuka mbao. Ukifyatuka mita 400 kabla ya mstari unajiombea sekunde 27, na mwili hauna za kukukopesha. Watu wengi wanaokuwa wa sita na wa saba si kwamba hawana nguvu. Walizitumia mapema.

2. KAGUA BARABARA KABLA

Siku moja kabla, au asubuhi wakati wa kupasha moto, nenda kapite kilomita 3 za mwisho. Wakubwa wana vitabu vya ramani na magari ya timu, wewe una macho. Tazama vitu hivi:

- Kona ya mwisho iko mita ngapi kutoka kwenye mstari? Ikiwa mita 200, anayeingia kwenye kona akiwa wa kumi ameshapoteza. Lazima uingie ukiwa kati ya watano wa kwanza.
- Barabara inapanda, inashuka au ni tambarare?
- Matuta, mashimo, mchanga pembeni, mtaro ulio wazi, lami iliyokatika. Kwenye barabara zetu hivi ndo vinaamua upande wa kupita.
- Upepo unatoka wapi? Bendera ya dukani, moshi wa mama ntilie au majani ya mgomba vitakwambia.
- Chagua alama yako: nguzo ya umeme, kibao cha shule, mti. Hiyo ndo itakuwa saa yako ya kuanza. Usitegemee kuhisi, maana mapigo ya moyo yakiwa juu kila mtu anahisi mstari uko karibu.

3. KILOMITA TATU ZA MWISHO

Hapa ndo mbio zinaamuliwa. Kundi linapanuka, kila mtu anataka mbele, mwendo unapanda na kushuka. Nafasi nzuri ni kati ya wa tatu na wa nane. Ukiwa wa kwanza unakata upepo kwa niaba ya watu wote. Ukiwa wa ishirini, hata ukiwa na nguvu za ng'ombe, utakuta ukuta wa migongo.

Usisubiri kusogea kwenye kilomita ya mwisho. Sogea mapema, kidogo kidogo, upenyo mmoja baada ya mwingine. Mtu akisogea mbele pembeni ya kundi, ingia nyuma yake akubebe. Jasho lako litunze.

Timu zenye watu wana mvutaji. Huyu kazi yake ni kukata upepo mbele ya mkimbiaji wao wa mwisho, amfikishe mpaka mita 200, kisha amwachie. Mfano unaokumbukwa sana ni hatua ya mwisho ya Tour de France jijini Paris mwaka 2009. Mark Cavendish alishinda, na mvutaji wake, Mark Renshaw, akashika nafasi ya pili! Walitoka kwenye kona ya mwisho wakiwa mbele kiasi kwamba hata aliyekwisha kumaliza kazi yake hakufikiwa. Ule haukuwa ubavu mtupu. Ilikuwa ni kufika mahali sahihi kwa wakati sahihi.

Huna timu? Wengi wetu hatuna. Basi chagua gurudumu la kufuata. Usimfuate mwenye baiskeli ya bei mbaya. Mfuate yule ambaye siku nzima umemwona ananyooka, hatetereki, hagusi breki ovyo, na kwenye mbio zilizopita alikuwa kwenye tatu bora. Mtu anayeyumba hata akiwa na kasi ni mkosi wa kukaa nyuma yake.

4. UANZE LINI?

Kama dakika zako za kafe zinaisha, soma hapa kwanza.

- Upepo unakupiga usoni: chelewa. Subiri mpaka mita 150 au chini ya hapo. Wa mbele atachoka, wewe unatoka ukiwa mzima.
- Upepo unakusukuma mgongoni: wahi. Mita 250 mpaka 300 inawezekana, kwa sababu aliye nyuma yako hapati faida kubwa ya kujificha.
- Upepo wa ubavuni: ukitoka kushoto, pita kulia kwa yule unayemfukuza, mwili wake uwe ukuta wako. Ukiwa wewe ndo wa mbele, chagua toka mwanzo mstari ulio karibu na ukingo wa kulia, ili anayetaka kukupita apitie kwenye upepo. Nimesema uchague toka mwanzo. Sijasema uhamie huko akishakuja.
- Mlima: chelewa, na usianze na gia nzito. Mlimani kila mtu anafanya kosa la kuwahi.
- Mteremko: wahi, maana kasi ikishakuwa kubwa kumpita mtu ni kazi ngumu. Lakini mteremko ni hatari, nitaeleza huko chini.

Mkiwa kundi dogo la watu watatu au wanne ni mchezo mwingine kabisa. Mwendo unapungua, kila mmoja anamtazama mwenzie. Usikubali kuwa wa mbele ukiwa unatazama mbele tu. Geuza shingo, uone nani anashika sehemu ya chini ya usukani, nani kabadilisha gia. Mfano ni Biniam Girmay wa Eritrea kwenye Gent-Wevelgem, Ubelgiji, Machi 27, 2022. Walifika wanne mwishoni, akaanzisha sprinti yeye, wenzake wakabaki kumfukuza hadi mstarini. Mwaka 2024 huyo huyo akashinda hatua tatu za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua kwenye mbio zile. Kwa hiyo msiniambie haya mambo ni ya Wazungu.

5. GIA NA MWILI

Kosa la vijana ni kutupa gia kubwa kabisa halafu kusimama juu yake kama unapanda ngazi. Gia nzito inachelewa kuamka, na wakati inaamka wenzio wameshaondoka mita tano. Anza na gia ambayo bado unaweza kuizungusha haraka. Mfano: meno 52 mbele na 14 nyuma, kwenye tairi za kawaida za mbio, kila mzunguko wa pedeli unakupeleka kama mita 7.8. Ukizungusha mara 110 kwa dakika uko kwenye kilomita 51 kwa saa. Ukiona miguu inazunguka hewani, ndo unaongeza gia moja.

Mikono iwe sehemu ya chini ya usukani, vidole viwili karibu na breki. Viwiko vilegee kidogo, ukigongwa bega usiyumbe. Na macho mbele! Nimeona watu wanakimbia sprinti wakitazama tairi yao ya mbele kama wamedondosha shilingi.

6. MSTARI HAUNA HURUMA

Mbio zinaisha pale tairi ya mbele inapogusa usawa wa mstari. Kichwa, kifua na mikono havihesabiwi. Kwa hiyo mita ya mwisho rusha baiskeli mbele: nyoosha mikono, sukuma usukani, makalio yarudi nyuma ya kiti. Unapata sentimita kadhaa za bure, na sprinti nyingi zinaamuliwa kwa hizo hizo.

Muulize Erik Zabel. Milan-San Remo ya mwaka 2004 alikuwa ameshashinda mbio hizo mara nne, anakwenda kwenye ya tano. Akainua mikono kusherehekea. Óscar Freire aliyekuwa ubavuni akarusha baiskeli, akamshinda. Oktoba 2020 Julian Alaphilippe akarudia kosa lile lile kwenye Liège-Bastogne-Liège, Primož Roglič akamchukulia ushindi mkononi. Tena Alaphilippe siku hiyo alikuwa pia amewayumbia wenzake kwenye sprinti, waamuzi wakamshusha mpaka nafasi ya tano. Makosa mawili ndani ya sekunde kumi na tano.

Sherehekea ukishavuka. Na ukiwa na watu ubavuni usiachie usukani kabisa.

7. SASA TUJE KWENYE ADABU

Wadau, hapa naomba tuelewane. Watu wakisikia "adabu" wanadhani ni mambo ya kupeana mikono. Kwenye sprinti adabu ni breki ya pili. Unakwenda kilomita 55 kwa saa, bega kwa bega na mtu usiyemjua, umevaa kitambaa chembamba na kofia ngumu tu. Kinachokufanya uthubutu kukanyaga pedeli kwa nguvu zote ni imani kwamba huyo jamaa atanyooka. Imani hiyo ikifa, hakuna sprinti tena.

Kanuni ya kwanza na kubwa: SHIKA MSTARI WAKO. Ukishaanza, unakwenda moja kwa moja mpaka mwisho. Hata sheria za UCI, shirikisho la kimataifa, zinakataza mtu kuacha mstari aliouchagua wakati wa kuanza sprinti na kuwahatarisha wengine.

Mnakumbuka Katowice, Poland, Agosti 5, 2020? Hatua ya kwanza ya Tour de Pologne, mwisho wenye mteremko, kasi karibu na kilomita 80 kwa saa. Dylan Groenewegen akaacha mstari wake, akambana Fabio Jakobsen kwenye vizuizi vya pembeni. Jakobsen aliwekwa kwenye usingizi wa dawa hospitalini, uso ukashonwa, meno mengi yakapotea. Groenewegen alifutwa kwenye matokeo, akafungiwa miezi tisa. Mungu ni mkubwa, Jakobsen alirudi barabarani mwaka 2021. Na Julai 2022, kwenye Tour de France iliyoanzia Denmark, yeye alishinda hatua ya pili, na kesho yake Groenewegen akashinda ya tatu. Hadithi ikaisha vizuri kuliko ilivyostahili. Lakini wao walikuwa na madaktari pembeni ya barabara na timu za kulipa gharama. Sisi je?

Naandika haya kwa sababu mi mwenyewe nimewahi kufanya. Miaka mingi imepita, mbio ndogo tu, tunagombea nafasi ya tatu ambayo zawadi yake haikufika bei ya tairi mbili. Jamaa alikuwa anakuja kulia kwangu, nikamsikia. Nikasogea kidogo. Nilijiambia ni kidogo tu. Usukani wake ukagusa nyonga yangu, akaenda chini. Mtulinga ukavunjika. Huyu bwana alikuwa anasambaza mkate asubuhi kwa baiskeli ile ile, akakaa nyumbani wiki nane. Nilikwenda kumwona. Mkewe alinikaribisha chai, hakusema neno baya hata moja, na ile chai sikuweza kuimaliza. Nafasi ya tatu niliipata kweli, kamisaa hakuona. Hadi leo sijawahi kumsimulia mtu kwamba niliwahi kuwa wa tatu.

Kanuni nyingine kwa ufupi:

- Usiingize tairi yako ya mbele ubavuni mwa tairi ya nyuma ya mwenzio. Akisogea kidogo zikagusana, anayeanguka ni wewe, na walio nyuma yako.
- Usiguse breki ghafla katikati ya kundi. Ukitaka kupunguza, acha kukanyaga, inua kifua upepo ukupunguze.
- Upenyo kama haupo, haupo. Usijitose kati ya mtu na kizuizi ukitegemea akuonee huruma. Na wewe uliye mbele, upenyo ukiwepo usiufunge.
- Mabega na viwiko kugusana ni kawaida. Kuvuta jezi, kusukuma kwa mkono na kupiga kichwa ni marufuku. Yule Renshaw niliyemsifia hapo juu, mwaka 2010 alimpiga mwenzie kwa kichwa kwenye sprinti ya Tour de France, akafukuzwa kwenye mbio siku hiyo hiyo.
- Mvutaji ukimaliza kazi yako endelea kunyooka, punguza taratibu. Usisimame, usikate kulia na kushoto.
- Kama hugombei, usiwe katikati. Miguu ikiisha mita 800 kabla, ondoka polepole kwenda pembeni ukiwa umetazama nyuma. Kuna watu kumi nyuma yako wanaamini gurudumu lako.
- Kwenye mbio za mizunguko, ukishazidiwa mzunguko mzima usiingilie sprinti ya wengine.
- Uliyekaa nyuma siku nzima bila kuvuta zamu hata moja, sheria inakuruhusu kushinda. Ila usitegemee watu wakucheke. Kama umechoka waambie wenzio mapema, "mi sina kitu, mnisamehe", ukae mkiani, na mwisho uwaache wagombee wenyewe.
- Ukishavuka mstari endelea mbele mita 100 na zaidi. Usifunge breki, usigeuze kurudi kutafuta picha. Wengine bado wanakuja wakiwa wameinamisha vichwa.

8. KAMISAA NA MALALAMIKO

Aliyeacha mstari anaweza kushushwa mpaka nafasi ya mwisho ya kundi lake, au kufutwa kabisa. Kwenye mbio za wakubwa, tangu 2025 kuna pia kadi za njano: mbili ndani ya mashindano hayo hayo unatolewa, na unafungiwa siku saba.

Kuna kanuni nyingine watu wanaielewa vibaya, ile ya kilomita tatu. Kwenye mbio za hatua, ukianguka au ukipata pancha ndani ya kilomita 3 za mwisho unapewa muda wa kundi ulilokuwa nalo. Nafasi yako lakini inabaki ile uliyovukia mstari. Kwenye mbio za siku moja haikuhusu kabisa. Kwa hiyo Jumapili usiende kwa kamisaa kudai nafasi ya tano eti ulikuwa wa tano ukapata pancha.

Ukiwa na lalamiko, nenda mwenyewe, mapema, kwa sauti ya chini. Taja namba ya jezi, upande, na mahali. Kama ni wewe uliyekosea, usisubiri kuitwa. Nenda kwa uliyemwangusha kwanza, kamisaa baadaye. Mimi sikufanya hivyo siku ile, ndo maana naliandika.

KWA KUMALIZIA

Kwa yule kijana wa "nakuwa wa sita, wa saba": wiki hii tafuta barabara isiyo na magari, alfajiri, uende na wenzio watatu. Wekeni alama mita 200. Fanyeni sprinti sita, mpumzike vya kutosha katikati, kila moja mbadilishane nafasi: wa kwanza awe wa mwisho. Masharti mawili tu: anayeacha mstari wake hata akishinda hakuhesabiwa, na kila mtu anarusha baiskeli mwishoni. Mkifanya hivyo miezi miwili, utaanza kuwaona wale wanaobana wenzao kwa jicho jingine. Utawaonea huruma.

Mwaka 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Vijana wetu wamejionea kwamba mchezo huu ni wetu pia. Tuucheze basi kama watu wanaotaka kukutana tena Jumapili ijayo.

Mwenye swali, nyongeza au aliyeniona nimekosea mahali, aweke hapo chini kwenye maoni. Matusi yatafutwa, hoja zitabaki. Na Kanda ya Ziwa, nyie mnaokwenda na zile baiskeli nzito za chuma, nataka kusikia kwenu: mkifika mwishoni mnaanza mita ngapi?

Siku njema wadau, na helmeti kichwani.